Yaya, ulicheka mbele ya soko zima
(Barua ya wazi kwa dada yangu wa Likasi)

Yaya,

Sauti yako ya WhatsApp ilinifikia sokoni Jumamosi, mikono yangu ikiwa myeupe kwa unga. Niliifungua kwa nguvu, kosa langu, na wamama wote wa mstari wetu wakasikia unavyocheka. "Miaka 44! Ukae chuo kikuu miaka mitatu, halafu utoke huko ukafundishe primeri? Kazi ambayo hata mtoto wa D6, mwenye diploma ya sekondari tu, anaifanya?" Wakacheka na wao. Anayeuza makala ya kupikia akasema yaya wako ana akili. Tangu siku ile swali lako limekuwa la soko zima, kwa hiyo nimeona nikujibu hapa, na wao wasome.

Kwanza, una haki. Kwetu Kongo mwalimu wa shule ya msingi hutoka sekondari ya pedagojia, anapata diploma yake ya Taifa, anaingia darasani. Chuo kikuu hakihitajiki. Lakini mimi nilisoma komersiyali, mambo ya biashara, unakumbuka, kwa sababu baba alitaka mmoja wetu akae ofisini. Diploma niliipata mwaka 2000. Miaka mitatu baadaye kazi ya baba ikaisha, na ofisi yangu ikawa barabara ya mpakani Kasumbalesa na magunia ya unga wa Zambia. Kurudi sekondari, nibanane kwenye benchi na watoto wa miaka 14? Magoti yenyewe yangekataa. Ndipo nikaenda kujiandikisha sayansi za elimu, chuo kikuu cha Lubumbashi, kule Kasapa. (Ukimwambia mtu wa Lubumbashi kwamba kila asubuhi unaenda Kasapa, anakuuliza kwanza: chuo au gereza? Vyote viwili viko huko. Shemeji yako hadi leo hachoki na hiyo.)

Habari ya mshahara usinifundishe. Daftari langu la madeni lina walimu wengi kuliko polisi. Wanakuja jioni, wanachukua meka mbili za unga, lile kopo letu la kupimia, wanaandika jina. Wengine wanafundisha mwaka wa tatu, wa nne, bado wanangoja namba ya matrikile, maana bila namba hiyo serikali haikujui hata ukifundisha mpaka sauti ikauke. Najua ninakokwenda. Unga nitaendelea kuuza.

Kuna jambo ambalo sikukwambia.

Mwaka 2019 masomo ya msingi yalipokuwa bure (Katiba ilikuwa imeyaandika tangu 2006, yakangoja miaka 13), watoto walijaa shuleni kama maji ya Januari. Benchi la watoto watatu likabeba watano. Shule moja ya karibu na kwetu, jina lake tuliache, ilikosa mwalimu wa darasa la nne. Mwenyewe alikuwa amekwenda kujifungua. Direkta alikuwa mteja wangu. Akanijia: "Mama, wewe unajua mahesabu, nisaidie wiki mbili tu." Wiki mbili zikawa miezi mitano, toka Oktoba hadi Machi 2020 korona ilipofunga shule zote. Wewe ulijua kwamba nasaidia shuleni. Kilichotokea humo hukukijua.

Katika darasa lile alikuwemo mtoto wa jirani, yule mwenye mwanya, ambaye Jumamosi huja kunisaidia kwenye meza. Alhamisi moja nikamwita ubaoni: 5,000 kutoa 3,500. Akaandika 2,500. Nikafuta, nikamwambia arudie. 2,500. Mara ya tatu akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri kabisa, 2,500. Yaya, nilimwita mpumbavu. Mbele ya watoto 72. Wakacheka kama ulivyocheka wewe.

Jumamosi akaja kwenye meza kama kawaida. Mteja akachukua meka moja, wakati ule ilikuwa franga 3,500, akatoa noti ya 5,000. Mimi nilikuwa nafunga gunia. Mtoto akaingiza mkono kwenye kikopo cha pesa, hakufikiri hata kidogo: "Hii mia tano, inafika elfu ine. Hii elfu moya, elfu tano inaenea." Akampa 1,500. Mteja akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika kamba ya gunia.

Ilikuwa hesabu ileile, namba zilezile. Kama angerudisha 2,500 ya ubaoni, ningepoteza franga 1,000 na kumfukuza mezani. Lakini mezani hakosei hata siku moja, kwa sababu mezani anapanda: anaanzia kwenye bei, anapanda mpaka kwenye noti. Mimi pia napanda. Wewe unapanda. Mama alitufundisha kupanda. Ubaoni ndiko tunakomtaka ashuke, tena akiwa amepanga namba moja juu ya nyingine, aende kukopa kwa jirani wa kushoto.

Nikamwuliza, ile Alhamisi ulifanyaje? Akanijibu bila kinyongo, na hilo ndilo lililonichoma: "Mama, ulisema kadogo kanatoka mu kakubwa. Tano iko mukubwa kupita zero. Njo nikatosha zero mu tano." Yaani alitoa zero kwenye tano.

Kanuni ilikuwa yangu. Niliisema mimi mwenyewe, Jumatatu, kwa sauti ya mtu anayejua. Mtoto aliitii.

Sikumwomba msamaha kwa maneno. Nilimpa franga za soda. Wauza unga tunaombana msamaha hivyo. Halafu nikajaribu kumwonyesha, kwa makaratasi, kwa punje za mahindi, kwa pesa yenyewe, jinsi ya kutoka mezani na kufika ubaoni. Njia tatu. Alitikisa kichwa kwa heshima na kuandika 2,500. Njia ya nne sikuwa nayo, korona ikaja, na mtoto akapandishwa darasa la tano na kanuni yangu kichwani.

Nimekwenda kutafuta njia ya nne. Wala si zaidi ya hapo.

Niliingia L1, mwaka wa kwanza wa chuo, mwaka 2023. Siku hizi mfumo umebadilika, ile graduati ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili juu yake hakuna tena. Unasoma miaka mitatu, unakusanya krediti 180, unaitwa mlisansie. Wenzangu wana miaka 19, 20. Mwanzo waliniamkia wakidhani mimi ni wa ofisini. Sasa wananiita Mama Meka, na sababu yake itakufurahisha.

Siku moja tulifundishwa habari za Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa 1896, mtu aliyetumia maisha yake kuwauliza watoto maswali na kuyachukua majibu yao ya makosa kama kitu cha maana. Alikuwa anamimina maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba ndefu, mbele ya mtoto mdogo, kisha anamwuliza wapi kuna maji mengi. Mtoto anasema kwenye ndefu. Maji ni yaleyale! Nikacheka kwa sauti, asistanti, yule msaidizi wa profesa anayetufundisha, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia: Bwana asistanti, nenda soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Wauzaji wanagonga kitako cha meka mpaka kinaingia ndani, unga unafanya kilima juu, na watu wazima wenye watoto sita wanalipa wakifurahi. Darasa lote likalipuka. Akaniambia niilete meka wiki ijayo. Nikaileta, ile iliyogongwa na ile nzima, tukapima, na wale vijana wakajua kwa nini ugali wa nyumbani hautoshi.

Mwaka jana niliingia darasa la kwanza kwa staji, mazoezi ya kufundisha. Sheria ya 2014 inataka mtoto aanze na lugha ya taifa, hapa kwetu Kiswahili, na mimi nilifurahi, nikadhani hapo hakuna shida. Kitabu kinasema "watoto wanakwenda shuleni." Nikasoma. Watoto wakarudia kwa pamoja: "Batoto banaenda ku masomo." Vizuri kabisa, maana yote imo. Niweke alama nyekundu wapi? Nilisimama na chaki yangu, nikamkumbuka mwenye mwanya. Safari hii sikusema mpumbavu. Niliandika sentensi zote mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, tukazitazama herufi kwa herufi mpaka kengele ikalia. Ensipekta hakupenda, fishi yangu, ule mpango wa somo, haikuwa na sentensi ya pili.

Sasa nimeanza mwaka wa tatu, na Februari nitafundisha kutoa, darasa la nne, lenye watoto wa kushuka na kupanda. Ile meka ya mama, ya bati la zamani, iliyozibwa tundu kwa lami, iko kwako jikoni, unawekea chumvi. Ukipata mtu anayeshuka Lubumbashi mpe. Chumvi itoe kwanza.