Barua ya malalamiko: vipande 64 vya sponji vilivyouzwa kwa jina la mikeka ya judo

Klabu ya Judo na Kujihami,
Mwanga,
Manispaa ya Kigoma Ujiji.

Meneja Mauzo,
Kampuni ya vifaa vya michezo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MIKEKA ISIYO YA JUDO, BEGI LENYE MCHANGA NA GLOVU PUNGUFU

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Profoma yenu, yaani ankara ya awali, ambayo tuliilipia yote kabla mzigo haujatoka Dar es Salaam, inataja mikeka 32 ya judo. Kila mmoja uwe wa mita 1 kwa mita 2, unene sentimita 4, sponji iliyoshindiliwa ya kilo 230 kwa mita ya ujazo, juu imevikwa vinili na chini ina kitako kisichoteleza. Kilichofika Kigoma ni vipande 64 vya sponji ya rangi mbili, mita 1 kwa mita 1, vyenye meno ya kufungamanisha pembeni. Eneo linalofunikwa ni lile lile, mita za mraba 64, na hilo ndilo pekee linalolingana na tulichonunua.

Kuthibitisha hili hakuhitaji maabara. Mizani ya dukani na rula vinatosha. Mkeka wa mita 1 kwa 2 wenye unene wa sentimita 4 una ujazo wa mita za ujazo 0.08, ukizidisha kwa kilo 230 unapata kilo 18.4. Mikeka 32 ingekuwa karibu kilo 589. Vipande vyenu tumevipima kimoja kimoja: wastani ni kilo 2.56 kila kimoja, na vyote 64 havifiki hata kilo 165. Hati ya usafirishaji mliyoigonga muhuri ninyi wenyewe inaonyesha mzigo wote, pamoja na begi na glovu, ulikuwa kilo 211. Kwa mujibu wa profoma ulipaswa kukaribia kilo 640. Aliyeusimamia mzigo huo ukipakiwa alikuwa na namba hiyo mbele yake.

Unene nao haupo. Lebo inasema sentimita 4, rula inasema 3.2. Kwa hiyo uzito halisi wa sponji ni kilo 80 kwa mita ya ujazo, yaani karibu theluthi moja tu ya ule tulioulipia. Kimoja tumekikata kwa wembe ili tuone ndani. Juu kuna tabaka jekundu la sentimita 2, chini kuna la kijivu la sentimita 1.2, na gundi imeshika ukingoni peke yake, upana wa vidole viwili. Katikati matabaka hayo yameachana. Ukiingiza kiganja kati yake kinapita bila kukwama. Ukibonyeza sehemu ya juu kwa kidole gumba, shimo linabaki mpaka uhesabu ishirini. Ukikanyaga kwa kisigino, saruji unaisikia.

Hapo penye kisigino ndipo kiini cha malalamiko yetu, na tunaomba mtuvumilie tueleze kwa urefu, kwa sababu mhudumu wenu alitujibu kwa simu kwamba mikeka hiyo ni "ya michezo yote".

Mikeka ya meno ya mita 1 kwa 1 si mibaya kwa kazi yake. Inatumika kwenye karate na taekwondo, ambako muda mwingi mtu yuko wima na anachohitaji ni mahali pa kusimama pasipoteleza. Judo ni kutupana. Kwenye mtupo wa begani, anayetupwa anapitishwa juu ya mgongo wa mwenzake na kushuka kwa mgongo kutoka kimo cha karibu mita 1, na mara nyingi uzito wa mtupaji unamfuata. Kwenye osoto-gari, ambapo mguu unafagiwa kutoka nyuma, mtu anakwenda chali moja kwa moja, na kisogo ndicho kinachokuwa hatarini. Sponji nzito hubonyea kidogo kidogo na kuendelea kukaza, hivyo mwili unapunguzwa kasi kabla haujafika sakafuni. Sponji nyepesi hukubali upesi, hufika mwisho wake, na kazi iliyobaki hufanywa na saruji.

Najua jibu lipo tayari: wafundisheni watu kuanguka. Ndiyo kazi yetu ya kwanza. Ukemi, yaani namna ya kuanguka salama, tunaufundisha kuanzia kuchuchumaa, kidevu kimebanwa kifuani, macho kwenye fundo la mkanda, pumzi inatolewa, mkono unapiga mkeka kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka mwilini ili nguvu isambae mkononi na kwenye mgongo wa juu. Lakini shingo ya mwanafunzi mpya huchoka kabla hajachoka yeye. Mara ya ishirini kidevu kinaachia, kichwa kinachelewa, na kisogo kinagusa chini. Mkeka umewekwa kwa ajili ya anguko hilo la ishirini, siyo kwa ajili ya mwalimu anayeanguka vizuri. Jioni zetu nyingine ni za kina mama wanaouza dagaa mwalo wa Kibirizi, wanaotoka nyumbani alfajiri na wanataka kujua kujinasua akishikwa nywele au mkono, na kuinuka salama akisukumwa chini. Wengi wao hawajawahi kuanguka kwa makusudi tangu utotoni. Hatuwezi kuwaambia waanze kwenye vipande hivi, na hatujawaweka.

Kuna shauri jingine mhudumu alilitoa: tupange vipande viwili viwili kwa kulaliana. Tunalikataa kwa sababu tatu. Kwanza, eneo linashuka hadi mita za mraba 32. Kwa kuwa kila jozi inayotupana tunaitengea mita 4 kwa 4, jozi 4 zinakuwa 2. Pili, meno yanafungamanisha vipande vilivyo sambamba tu, hayashiki cha juu na cha chini. Mtu akiburuta mguu, tabaka la juu linahama na kuacha ufa unaomeza kidole gumba cha mguu. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, sponji laini ikizidi unene inakuwa mtego wa magoti. Mguu unazama, nyayo inakwama, na mtupaji anapogeuka ili amwingie mwenzake, kiwiliwili kinazunguka ilhali nyayo imebaki pale pale. Kinachopokea mzunguko huo ni goti, na kano za goti zikikatika mtu anakaa nje ya mazoezi miezi mingi. Mkeka wa judo unapaswa kuwa mgumu kiasi cha mguu kuteleza na kugeuka juu yake, na laini kiasi cha mgongo kupokelewa. Uzito wa kilo 230 tuliuandika kwenye oda kwa sababu hiyo. Haukuwa namba ya kujazia fomu.

Hata hayo meno hayafungamani vizuri. Vipande vingine vina upande wa sentimita 99.2, vingine 100.4. Ukipanga safu ya vipande 8, mwisho mmoja unainuka kama mgongo wa kobe na mwingine unaacha nafasi ya kupitisha vidole. Sponji ya aina hii husinyaa inapopata joto, kwa hiyo kama ilikaa juani stoo au kwenye gari, tofauti hiyo haishangazi. Lakini ilipaswa kukaguliwa kabla ya kufungwa.

Kuhusu begi la kupigia ngumi. Katika mzigo wote, hili peke yake ndilo lililotimiza uzito: kilo 40 kamili. Limeutimiza kwa mchanga. Tulifungua zipu ya juu na kumwaga vilivyomo juu ya turubai: kilo 19 za vitambaa chakavu na kilo 21 za mchanga uliomiminwa bila mfuko. Mchanga uliolegea hauna njia nyingine ila kushuka, na kila pigo linausukuma chini zaidi. Kabla hatujalimwaga, sentimita 14 za chini zilikuwa ngumu kama tofali, na juu, palipo usawa wa kichwa, ngumi ilizama mpaka kifundo kikapinda. Teke la chini linatua penye mchanga, na mfupa wa muundi hauna nyama ya kuukinga. Begi linaruhusiwa kuwa na mchanga, mradi ufungwe kwenye vifuko vidogo vilivyoshonwa, vikae katikati kwa urefu wote wa begi, na vitambaa vishindiliwe kuvizunguka pande zote, tabaka kwa tabaka. Ndoano mliyoleta pia ni ya umbo la S iliyo wazi. Ngumi ya kutoka chini ikiliinua begi, mnyororo unaweza kuchomoka. Kinachohitajika ni shakeli, yaani pingu ya chuma inayofungwa kwa pini ya kukaza.

Glovu ni jozi 10 zilizoandikwa aunsi 16. Aunsi 16 ni gramu 454 kwa glovu moja, siyo kwa jozi. Zenu zina kati ya gramu 331 na 338, ambazo hazifiki hata aunsi 12. Glovu nzito tunazitumia kwenye kupigana kwa mazoezi ili kumkinga anayepigwa. Mwanafunzi akiamini lebo, anampiga mwenzake kwa glovu yenye kinga pungufu kwa robo nzima na zaidi.

Tunachodai ni hiki. Mtuletee mikeka 32 kama ilivyo kwenye profoma, au mturudishie fedha yote ya mikeka. Kama ni kuleta, kabla ya kupakia mtutumie picha ya mkeka mmoja ukiwa juu ya mizani na namba ikisomeka: hatutapokea wowote ulio chini ya kilo 18. Glovu zibadilishwe zote. Begi tutalijaza upya wenyewe hapa Kigoma, ila gharama ya vitambaa, vifuko na shakeli mtairudisha. Kulisafirisha kilo 40 kwenda na kurudi ni hasara isiyo na maana kwa yeyote. Nauli ya kurudisha vipande 64 ni yenu, na safari ya reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo amueni mapema kama mnavitaka. Vimekaa stoo, pakavu, mbali na bati. Ni kimoja tu kilichokatwa.

Pia tunawataka mwondoe neno "judo" kwenye orodha yenu ya bei kwa bidhaa hiyo. Kama kuna shule au klabu nyingine iliyouziwa vipande hivyo kwa jina hilo, ipigieni simu leo, kabla watoto hawajaanza kutupana juu yake. Hili lina haraka kuliko fedha zetu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, tutawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho vyote: profoma, risiti ya EFD, hati ya usafirishaji yenye kilo 211, jedwali la uzito wa vipande vyote 64, picha za kipande kilichokatwa na za mchanga ukiwa kwenye turubai.

Jozi moja ya glovu, pamoja na nusu ya kile kipande kilichokatwa, tumewatumia na barua hii ili mpime wenyewe.

Wenu katika michezo,

..............................
Katibu, kwa niaba ya walimu wa klabu

Nakala: Afisa Michezo, Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji.