YAH: MALALAMIKO KUHUSU KITABU CHA KIEBRANIA MLICHOKIHARIBU BAADA YA MIMI KUSAINI PRUFU

Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naiheshimu ofisi yako, na kwa heshima hiyo nitajitahidi kuchunga maneno. Masharti yenu unayajua kuliko mimi. Prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, ikishasainiwa na mteja, hakuna anayegusa hata nukta. Mmeyachapa wenyewe nyuma ya fomu ya oda. Prufu ya kitabu changu cha kufundishia Kiebrania niliisaini hapo hapo Arusha, ukurasa kwa ukurasa, na ilikuwa safi. Kilichotoka kwenye mashine zenu za Moshi sikukisaini mimi.

Kila makafu, kile kistari cha Kiebrania kinachounganisha maneno, imeng'olewa, pakawekwa kistari cha kawaida cha kibodi. Kila sofu pasuki, alama inayofunga aya ya Maandiko, imegeuzwa nuktapacha. Gershayimu, vile vistari viwili vinavyowekwa kwenye vifupisho vya Kiebrania, zimekuwa alama za mtajo, zile zilizopinda, hata neno תנ״ך (Tanakh, yaani Biblia ya Kiebrania) limeharibika kwenye jalada. Nakala 200, zote hivyo hivyo.

Nilipofungua boksi pale kaunta ya Moshi na kuona hayo, nilimwita msimamizi wenu kwa adabu. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Shikamoo sikuipata. Nilimwonyesha ukurasa, nikamwekea prufu niliyosaini pembeni yake alinganishe. Akatazama kidogo tu, akasema, "Mama, mstari ni mstari. Kwani nani Moshi hii anasoma haya madudu?" Akanichomoa kitabu mkononi, akakirudisha kwenye boksi, akaniambia nimalize salio kwa sababu ana kazi za watu.

Mstari si mstari, Ndugu Meneja. Kijana anaweza asijue, lakini wewe unaongoza kampuni ya uchapaji. Makafu hukaa juu, usawa wa vichwa vya herufi, nayo huunganisha maneno yasomwe kwa pamoja, kama עַל־פְּנֵי katika Mwanzo 1:2. Kazi yake haiishii kwenye kuunganisha. Neno dogo "et" likisimama peke yake, kama katika Mwanzo 1:1, huandikwa אֵת. Likifungwa kwa makafu, kama katika Mwanzo 1:4, irabu yake hubadilika, huandikwa אֶת־הָאוֹר. Nina somo zima linaloeleza jambo hilo, na mmeondoa alama yenyewe inayoelezwa. Mwanafunzi anaambiwa "tazama makafu" na makafu haipo.

Kwenye nuktapacha ndipo mlipoharibu kabisa. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kompyuta huujua mwelekeo wa kila alama kwa nambari yake ya Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi na alama nambari yake. Makafu ni 05BE, sofu pasuki ni 05C3, gereshi, yenye kistari kimoja, ni 05F3, gershayimu ni 05F4. Zote hizo kompyuta huzihesabu kuwa Kiebrania, kwa hiyo huenda pamoja na herufi zake. Nuktapacha ya kibodi haina mwelekeo wake. Ikiwa mwishoni, hufuata mwelekeo wa paragrafu inamowekwa. Maelezo yangu ni ya Kiswahili, yanaanzia kushoto. Basi mlipoweka nuktapacha mwishoni mwa kila aya ya Maandiko, zote zikarukia kulia, ambako msomaji wa Kiebrania ndiko anakoanzia. Zaburi 23:1 katika kitabu mlichonichapia inaanza kwa alama ya kumalizia. Kitabu kizima kiko hivyo, na juu yake kuna jina langu.

Wala msiniambie kwamba kompyuta za Arusha na za Moshi hazifanani. Najua hazifanani. Ndiyo maana tangu siku ya kuleta oda, kabla sijatoa hata malipo ya awali, niliwapa karatasi yenye nambari za alama zote na namna ya kuziandika. Kwenye Windows, ndani ya Word, unaandika 05BE kisha unabonyeza Alt na X. Kwenye Mac unachagua kibodi ya Unicode Hex Input, unashikilia Option, unaandika nambari ile ile. Kwenye Linux, programu nyingi hukubali Ctrl, Shift na U, kisha nambari ile ile na Enter. Vitufe vinatofautiana, nambari haibadiliki popote. Niliwapa na fonti ya Ezra SIL, ambayo ni ya bure. Niliwapa na faili la PDF lenye fonti ndani yake, ambalo mngelichapa kama lilivyo bila kugusa kitu. Mtu wenu wa Moshi akaliacha, akafungua faili la Word kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, akakuta visanduku vitupu mahali pa alama, akaamua kujaza anachokiona kibodini. Hayo alinieleza dizaina mwenyewe, na namshukuru kwa kusema kweli. Simu hakunipigia. Namba yangu iko kwenye fomu.

Na bado msimamizi wake alithubutu kuniita msumbufu! Narudia jambo hili kwa sababu ofisi yako iliponipigia baadaye, dada wa huduma kwa wateja aliliita "kutoelewana". Hapakuwa na kutoelewana. Nilikuwa nimekuja na wanafunzi wangu wawili kunisaidia kubeba maboksi. Kaunta ilijaa watu waliofuata kadi za harusi. Kitabu nilichoshika kilikuwa kimefunguliwa kwenye Kumbukumbu la Torati 6:4, "Sikia, Ee Israeli". Ukurasa ule ndio alioutazama, na ukurasa ule ndio alioutamkia neno "madudu", kwa sauti, mpaka watu wa kadi wakacheka. Kisha akanipokonya kitabu. Hakukipokea, alinipokonya, jalada likakunjika. Wanafunzi wangu wakainamisha vichwa. Mimi ni mwalimu wao, nimewafundisha kwamba Neno la Mungu hushikwa kwa mikono miwili. Aliponiambia, "Lipa salio ubebe mzigo, Mama, usitusumbue," sikuwa na la kusema mbele ya watoto wale. Salio nililipa. Nililipa kwa sababu maboksi yalikuwa yangezuiliwa na muhula unaanza, na risiti yenu ninayo.

Ninachodai ni mchapie upya nakala zote 200 kutoka kwenye faili la PDF, kwa gharama zenu, na kabla ya kuchapa mniletee prufu mpya kutoka kwenye kompyuta ile ile itakayochapa, siyo ya Arusha. Mlipe pia usafiri wa kurudisha mzigo huu mbovu. Na msimamizi aombe radhi kwa maandishi, barua isomeke mbele ya wanafunzi waliokuwepo.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini nikiwa naandika barua hii nimepokea ujumbe kutoka tawi la Moshi kwamba mko tayari kunipa "punguzo kwenye oda ijayo". Oda ijayo ya nini? Kwa ujumbe huo nabadilisha madai yangu. Sasa nataka fedha zangu zote zirudi, za awali na za salio, pamoja na usafiri, na radhi ile ile kwa maandishi. Kitabu nitakipeleka kwa mchapaji mwingine.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, malalamiko haya nitayawasilisha Tume ya Ushindani, na madai ya fedha nitayapeleka Mahakama ya Mwanzo hapa Moshi, nikiwa na prufu yenye saini yangu, kitabu chenu, karatasi ya nambari na risiti. Vyuo vya Biblia na makanisa ninayoyafahamu Kilimanjaro na Arusha, mengi yakiwa yanachapa kwenu, nitayapelekea nakala moja moja ya kitabu hiki, na prufu ndani yake, walinganishe wenyewe.

Usinipigie simu. Nijibu kwa barua, yenye saini yako na muhuri wa kampuni.

Wako,

Mwalimu wa Kiebrania,
Moshi.

Nakala: Meneja wa Tawi, Moshi.