Mpiga rithim naye aandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua. Habari za bendi za vijana wa Arusha na Moshi zikiandikwa magazetini, wanaotajwa ni mwimbaji na mpiga solo, yule wa gita linalopiga juu peke yake. Aliyeshika gita la rithim, lile linaloshikilia mdundo wa wimbo, hatajwi kabisa, na wa besi hutajwa siku akihama bendi. Athari yake inaonekana jukwaani, maana kijana anayeanza gita huiga kinachosifiwa. Ndiyo maana utaikuta bendi changa ina wapiga solo watatu na haina hata mmoja wa kuushika wimbo usiyumbe.

Arusha ndiyo ingepaswa kulijua hili mapema. Wilson na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walipiga hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa jina la Arusha Jazz, kisha wakavuka kwenda Kenya, ambako bendi ikawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 mpiga rithim Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga walijitoa, na Les Wanyika ikazaliwa. Chukua wimbo wao "Sina Makosa", sahau maneno, fuata rithim peke yake mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kulia hauchoki wala haukimbii, na kila chombo kingine kimekaa juu yake.

Kwenye roki ni vilevile. Watu wanamjua Angus Young wa AC/DC kwa kaptula yake ya shule. Kaka yake Malcolm, aliyeanzisha naye bendi Sydney mwaka 1973 na kufariki 2017, alisimama nyuma karibu na dramu akishikilia mdundo. Gita lake la Gretsch aliling'oa pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) nyingine akabakiza moja tu, ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gita. Alifunga nyuzi nene, na sauti ya amplifaya hakuikoroga: ule mkwaruzo wa roki kwake ulikuwa kidogo sana, nguvu yote ilitoka mkononi. Vijana wetu hufanya kinyume. Wanafungua mkwaruzo hadi mwisho, kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, yenye nyuzi sita inageuka uji, halafu wanapandisha sauti ili wasikike.

Yupo pia Andy Fraser, mpiga besi wa Free ya Uingereza, aliyeingia bendi hiyo mwaka 1968 akiwa na miaka 15. Katika "All Right Now" ya mwaka 1970, kwenye beti besi haipigi kabisa. Inangoja kiitikio, na ikiingia unahisi sakafu imeongezeka. Kwa mpiga besi anayejifunza, kunyamaza hivyo ni kugumu kuliko kupiga haraka, na ndilo zoezi ambalo ningependa kila bendi changa ilijaribu wiki hii.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Mazoezi yaanze na dramu na besi tu, dakika 20, mapigo 80 kwa dakika, metronomu ya simu (programu inayogonga mapigo sawasawa) ikiwa imechomekwa kwenye spika. Mguu wa dramu na besi viangukie mahali pamoja. Hapo ndipo rithim iingie, na solo iwe ya mwisho. Waimbaji wakae kwanza. Weka simu ya kurekodi upande wa pili wa chumba, mbali na amplifaya zote, kwa sababu anayesimama mbele ya amplifaya yake husikia bendi ambayo hadhira haiisikii.

Kosa kubwa ni magita mawili kupiga kodi moja mahali pamoja. Wakongwe wa dansi waligawana shingo ya gita: rithim inakaa chini, kati ya freti (vile vyuma vya kukata shingo) ya kwanza na ya tano, second solo, gita la kati ya rithim na solo, inapanda kuanzia ya saba kwenda juu, na solo inatafuta nafasi iliyobaki. Kosa jingine ni besi nyingi kwenye amplifaya za magita. Uzi wa E wa gita la besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, ule mnene wa gita la kawaida mara 82. Mpiga rithim akizidisha kifundo cha besi anaingia shambani kwa mwenzake, na wote wawili hawasikiki. Akiteremshe chini ya nusu. Akiwa peke yake ataona sauti imekonda, lakini ndani ya bendi itakaa sawa.

Magita mengi mapya huja na nyuzi nyembamba za 0.009, yaani unene wa uzi mwembamba kuliko zote kwa inchi. Zinamfaa mpiga solo anayezivuta. Mwenye rithim anayechapa kwa nguvu atazipandisha sauti kila anapozipiga, na bendi nzima itaonekana haijatyuniwa. Aweke za 0.011. Nyuzi nene huvuta shingo mbele, hivyo chuma kilicho ndani ya shingo kikazwe robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha gita liachwe hadi kesho yake ndipo lipimwe tena. Uzi ukikwama kwenye kijino cha juu, kile kinachopitisha nyuzi kwenye kichwa cha gita, na kutoa mlio wakati wa kutyuni, sugua hapo risasi ya penseli. Ni dawa ya bei rahisi na inafanya kazi.

Bendi zinazosafiri kati ya Moshi na Arusha zikumbuke hali ya hewa. Uzi wa chuma husinyaa ukipata baridi na sauti hupanda. Ukipata joto hulegea na sauti hushuka. Gita lililotyuniwa mchana Moshi, likifika Arusha jioni ya Julai, litakuwa juu. Liache ndani ya mfuko wake nusu saa ukumbini, ndipo ulifungue na kulityuni, na ulirudie baada ya wimbo wa pili, taa na mikono vikishalipasha moto.

Kuhusu umeme sitaki mzaha. Amplifaya kuukuu za kutoka Marekani ni za volti 120, na soketi zetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, mashine inaungua siku ya kwanza. Ikinguruma, msikate waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ili kuinyamazisha, maana mwimbaji anayegusa maikrofoni huku ameshika gita anaweza kufa. Chomekeni vyombo vyote kwenye soketi moja iliyo nzima kwanza. Mara nyingi mngurumo huisha hapo. Na spika za waimbaji zikae mbele ya maikrofoni, zikitazama watu. Zikiwa nyuma zitapiga mluzi usiku kucha, hasa kwenye kumbi zetu za zege na mabati.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Mwandishi wenu akienda kwenye onyesho, aulize majina ya waliopiga na kila mmoja alishika chombo gani, kisha ayaandike yote, wa rithim, wa besi na wa dramu wakiwamo.

Mpenzi wa magita,
Kaloleni, Arusha