Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Utumishi wa Umma: pimeni ujuzi kwanza

Ndugu Katibu Mkuu,

Yah: Muundo mpya na upunguzaji wa watumishi

Ombi letu ni moja: tangazo la kustaafu kwa hiari lisitoke kabla ukaguzi wa ujuzi haujakamilika. Ratiba nyingi za mageuzi huenda kinyume. Huanza na chati mpya ya muundo, kikafuata kiinua mgongo, na mafunzo yakasubiri mwishoni endapo fungu limebaki. Hapo wa kwanza kuomba kuondoka ni mhandisi, mhasibu au mtaalamu wa mifumo, kwa kuwa huko nje anatafutwa. Asiye na pa kwenda hubaki. Baada ya muda yule mhandisi hurudishwa kama mshauri mwelekezi, kwa malipo yanayozidi mshahara aliouacha, na kiinua mgongo ameshachukua.

Ukaguzi usianzie kwenye vyeti. Cheti cha ununuzi hueleza mtu alisomea nini. Kama anaweza kuandaa nyaraka za zabuni zisizo na dosari ni habari nyingine. Anzeni na kitengo kimoja, mathalani masijala. Orodhesheni kazi zake halisi: kupokea barua, kufungua jalada, kuweka namba ya folio (namba ya waraka ndani ya jalada), kulipeleka kwa afisa anayehusika, kulisaka likikwama mezani kwa mtu. Mbele ya kila kazi andikeni nani anaiweza bila kusimamiwa, nani bado anahitaji kuelekezwa, na kila mmoja anastaafu lini. Kazi yenye jina moja tu ina hatari, hata kama ikama (idadi ya nafasi zilizoidhinishwa) imejaa.

Orodha hizo zisijazwe na wakuu wa idara peke yao. Kila mkuu atawasifu watu wake ili idara isiguswe (nani asingefanya hivyo?). Ombeni kazi yenyewe: dokezo la mwezi uliopita, usuluhishi wa hesabu za benki, jalada lililofungwa. Linganisheni pia orodha ya mishahara na watu walioko kazini. Wengi hutarajia kuona watumishi hewa tu, lakini hapo ndipo hujitokeza pia waliokaimu miaka mingi bila kuthibitishwa, na walioazimwa idara nyingine huku nafasi zao zikihesabika zimejazwa.

Suala hili si geni. Nchini Uingereza, ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854 ilitaka watu waajiriwe kwa mtihani badala ya kujuana. Mwaka 1968, huko huko, Kamati ya Fulton iliyochunguza utumishi wa umma ililalamikia utumishi uliowatukuza maafisa wa mambo yote na kuwaweka wataalamu pembeni.

Kuhusu mafunzo, semina ya siku mbili haiwezi kuziba pengo la mtu anayeondoka. Mpeni mrithi miezi mitatu: wa kwanza atazame, wa pili afanye huku akikaguliwa, wa tatu afanye peke yake na mwenzake awe karibu tu. Kwa maafisa bajeti muda huo hautoshi, maana mzunguko wao ni wa mwaka mzima. Hao wapangiwe warithi mapema zaidi. Na hati ya makabidhiano itaje mambo ambayo husahaulika: nywila za mifumo, mikataba inayokaribia kuisha, hoja za ukaguzi wa hesabu ambazo hazijajibiwa.

Tunaomba ratiba mpya itangazwe, ikionyesha tarehe ya ukaguzi kukamilika na jina la cheo kitakachowajibika kwa matokeo yake.

Wenu,
Maafisa utumishi na wakufunzi