Risala ya Akina Mama Waanika Dagaa wa Igombe kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya na Lishe ya Mtaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Ilemela,
Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, wataalamu wa afya na lishe, wazazi wenzetu,
Mwangaluka!

Karibu Igombe. Umetukuta katika siku za giza, usiku usio na mbalamwezi ambao dagaa huvuliwa, ndiyo maana baadhi yetu tunasinzia: mitumbwi ya dagaa imerudi alfajiri na tumetoka moja kwa moja chanjani, kwenye meza za kuanikia. Harufu utatusamehe.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianza kama cha kuweka na kukopa. Habari za lishe ziliingia baadaye, tena kwa aibu. Siku kama ya leo, mhudumu wa afya alikuja na ubao wa kupimia urefu, nasi tulikuwa tumezoea mizani tu. Mtoto wa mwenzetu, mashavu tele, ambaye kila mtu alimsifia afya, alipolazwa kwenye ubao akaonekana mfupi kuliko umri wake. Tukacheka, tukasema amefuata wajomba zake. Akaja wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Hapo kicheko kikakauka, maana haiwezekani wote wawe na wajomba wafupi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, kutoka asilimia 34 ya mwaka 2015/16. Tunashukuru imeshuka. Ila swali letu sisi wa mwaloni, hapa mitumbwi inaposhushia samaki, liko palepale: mtoto anadumaaje kando ya ziwa lenye dagaa?

Jibu tunalo, ingawa halitupendezi. Dagaa tunao mikononi, sahanini hawapo. Waliokauka vizuri juu ya chanja tunawafunga magunia, wanakwenda soko la Kirumba, na wengine wanavuka mpaka hadi Kongo. Walioanikwa chini wakashika mchanga wananunuliwa kwa chakula cha kuku. Nyumbani unabaki ugali wa muhogo na mchuzi, na kipande cha samaki kikipatikana kinatangulia kwa baba. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kuna kuku wa mjini anayekula dagaa kuliko mtoto wa mama anayewaanika.

Kisha kuna huyo mama mwenyewe. Akiwa mjamzito anabeba ndoo hadi wiki ya mwisho, tumboni ana chai ya rangi na kitumbua, mfukoni ana pemba, ule udongo wa kutafuna. Tulidhani hamu ya pemba ni kawaida ya mimba; kumbe mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Vidonge vya kuongeza damu tulikuwa tunavipokea kliniki na kuvificha chini ya godoro kwa sababu ya kichefuchefu. Siku hizi tunavimeza usiku baada ya kula, na chai tunaiweka mbali na mlo. Mayai nayo tuliyakwepa kwa kuambiwa mtoto atazaliwa bila nywele. Bibi mmoja wa hapa bado anatushikia hilo, na hatujamshinda.

Akishajifungua, mama aliyeajiriwa anapewa na sheria likizo ya siku 84, na akirudi kazini ana muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Sisi mwajiri wetu ni jua. Giza likiingia na dagaa wakipatikana, mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja anarudi chanjani. Mtoto anaachiwa dada yake wa miaka 8, naye akilia anapewa maji, baadaye uji mweupe. Mafunzo yanasema maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na tunayajua kwa moyo. Kilichotushinda ni umbali wa kutoka chanjani hadi kitandani.

Tulichoweza tumefanya. Tuliacha ule unga wa nafaka kumi na mbili uliokuwa ukisifiwa sana. Sasa tunapika uji mzito wa mahindi kwa karanga iliyosagwa, na ukikaribia kuiva tunatia kijiko cha unga wa dagaa waliochambuliwa, wakakaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa. Mwanzoni watoto waliutema. Tukapunguza dagaa, tukaongeza taratibu, na sasa wanalilia bakuli.

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, ni banda la watoto hapa mwaloni, lenye kivuli, maji safi na mama mmoja wa zamu, ili anayenyonyesha atembee hatua chache tu. Kiwanja Mwenyekiti ameshatuonesha. Tunaomba pia mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, fungu la wanawake, tuongeze chanja. Dagaa wakipungua mchangani, bei itapanda na hatutalazimika kuuza hadi wa mwisho. Na ule ubao wa kupimia urefu ubaki hapa mtaani.

La mwisho ni kwa wenye mitumbwi, ambao tunawaona wamekaa nyuma kule. Mmoja wao ameanza kumwachia kila mjamzito wa mwaloni kisado cha dagaa asubuhi kabla ndoo hazijahesabiwa. Tunaomba, Mheshimiwa, uwaulize wengine leo hii, mbele yetu, kama nao wataweza.

Tunaomba kuwasilisha.