Kikao cha Jumamosi na suala la kupima

Ndugu wanakikundi, habari za leo. Poleni sana wenye wagonjwa nyumbani.

Kwa kuwa Korona imeanza kusambaa tena, Jumamosi hatutakutana ana kwa ana. Kikao kitakuwa kwa simu, humu humu kwenye kikundi, saa 10 jioni. Mchango mwisho ni Ijumaa kama kawaida. Anayeuguza asiuhangaikie kwa sasa.

Naomba tuzingatie haya:

1. Ukiwa na homa, kikohozi au koo linauma, piga simu kituo cha afya kabla ya kwenda. Waeleze dalili zilianza lini, una maradhi gani mengine na unatumia dawa zipi. Watakuelekeza uende saa ngapi na uingilie wapi, usije ukapanga foleni moja na wajawazito na wachanga.

2. Kipimo cha haraka cha Korona kikionyesha mstari wa C peke yake (yaani kipimo kimefanya kazi ila hakijaona virusi), usijihakikishie mapema. Siku za mwanzo virusi huweza kuwa vichache mno kuonekana. Rudia baada ya saa 48. Mstari wa T ukitokea pamoja na C, hata ukiwa hafifu, una maambukizi.

3. Kupumua kwa shida, kifua kubana, kuchanganyikiwa: usisubiri kipimo, nenda hospitali mara moja.

Na jamani, antibayotiki haziui virusi. Tusigawiane vidonge.

Tafadhali kila mmoja ajibu NIPO au SITAKUWEPO kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Nahitaji pia wawili wa kuwapigia simu wazee wetu kila asubuhi. Nani yuko tayari?