Harambee ya kifurushi: tuwawezeshe vijana wetu waitunze Alpine

Salaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote, habari za kazi.

Wazazi wetu, walimu wetu, mafundi, na ninyi ndugu mlio mbali mliowahi kukaa nasi kwenye mabenchi ya Jumamosi hapa Tanga: tunakuja kwenu kuomba. Tunahitaji shilingi 4,450,000 ili vijana wawili wa kikundi chetu cha Linux waifanye kazi moja kwa mwaka mzima. Kazi yenyewe ni kusaidia kutunza kifurushi cha Alpine ndani ya Debian, mfumo huru wa kuendesha kompyuta uliojengwa juu ya Linux. Alpine ni programu ya barua pepe inayoendeshwa kwa maandishi matupu. Kifurushi tunachokisema hapa si bando la intaneti, ingawa tunajua neno hilo ndilo litakalowajia kwanza. Tutakieleza. Lakini kabla ya yote tuanze na Mwalimu, kwa sababu ni yeye aliyetufikisha kwenye ombi hili.

Mwalimu wetu haoni tangu utotoni. Amefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na wengi wenu amewafundisha ninyi au watoto wenu. Laptopu yake ina Debian bila madirisha wala picha. Anaandika kwenye terminali, yaani skrini ya amri za maandishi, kisoma skrini kinamsomea kilichoandikwa, na sauti inatoka kwenye eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ambayo Kiswahili inakijua. Barua zake zote anazisoma kwa Alpine. Anabonyeza C kuandika barua mpya, R kujibu, D kufuta, na mistari miwili ya chini ya skrini inamkumbusha daima amri zilizopo. Hakuna tangazo linaloruka, hakuna kitufe kilichojificha nyuma ya picha. Aliyewahi kumwona akipitia barua arobaini kabla chai haijapoa hawezi kusema maandishi matupu ni mambo ya kizamani.

Mwaka 2022 barua zikagoma. Watoa huduma wakubwa wa barua pepe waliacha kukubali neno la siri peke yake kutoka kwenye programu za nje, wakataka njia iitwayo OAuth2, ambapo programu inaonyesha hati ya ruhusa iliyotolewa na mtoa huduma mwenyewe. Alpine ilikuwa imeshajifunza njia hiyo katika matoleo ya mwaka 2020. Ila kompyuta ya Mwalimu ilikuwa na Debian 10, iliyotoka Julai 2019, na toleo imara la Debian halibadilishi programu zake ovyo: linapokea marekebisho ya usalama na ya kasoro kubwa, basi. Kwa hiyo dawa ilikuwepo duniani, lakini si kwenye kompyuta yake.

Mtu angesema apandishe mfumo mzima. Tulilifikiria hilo. Mafaili ya kupakua yalizidi bando lake, na sauti ingekatika katikati ya safari asingekuwa na namna ya kujua kompyuta imefika wapi. Wengine wakamshauri atafute mtu wa kumsomea barua kwenye simu. Akatujibu kwa upole kwamba barua za mwanafunzi anayemweleza matatizo ya nyumbani kwao hazisomwi na mpita njia.

Binti mmoja wa kikundi chetu, wakati huo yuko mwaka wa pili chuoni, akachukua msimbo chanzo wa toleo jipya, yaani programu kama mwandishi wake alivyoiandika, pamoja na faili za ufungaji kutoka Debian, akaanza kuujenga upya ili ukubali kukaa kwenye Debian 10. Ilimchukua siku 11. Mara maktaba fulani, yaani msimbo wa ziada ambao programu huutegemea, haipo, mara jaribio limeanguka saa sita usiku na LUKU imekwisha. Siku ya 11 Mwalimu alifungua Alpine, akatulia, akasikiliza, kisha akaanza kucheka peke yake. Barua 63 zilikuwa zinamngoja.

Kazi aliyoifanya yule binti ndiyo inayoitwa kufungasha. Mtu anayeandika programu hutoa msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mashine haijaweza kuyatumia. Kati yake na wewe unayeandika amri moja ya kusakinisha, kuna mtunzaji wa kifurushi. Huyo ndiye anayeandika programu inategemea nini na nini, inajengwaje, mafaili yake yakae wapi, na kila sehemu ni mali ya nani kwa leseni gani. Akimaliza anaijenga kwenye mazingira safi yasiyo na kitu kingine, ili asijidanganye kwamba inafanya kazi kumbe inaazima kitu kutoka kwenye kompyuta yake. Kisha mitambo ya Debian inaijenga tena kwa aina nyingi za mashine, kuanzia kompyuta za kawaida hadi zile ndogo za ARM. Kifurushi kinaingia kwanza kwenye tawi liitwalo unstable, kikae siku kadhaa bila kasoro nzito ndipo kihamie testing, na kutoka hapo ndipo toleo imara linalofuata huzaliwa. Ubuntu wanachota Debian, na Linux Mint nao wanachota Ubuntu. Kasoro ikirekebishwa kwenye chemchemi, wa bondeni wote wanakunywa maji safi.

Kipengele cha leseni msikichukulie juujuu. Babu yake Alpine aliitwa Pine, aliyeanzwa kuandikwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Pine ilipendwa sana vyuoni. Lakini chuo kilishikilia kwamba leseni yake hairuhusu watu wengine kusambaza matoleo waliyoyabadilisha, na mtunzaji wa kifurushi hawezi kufanya kazi bila kubadilisha chochote. Debian ikashindwa kuwagawia watu Pine iliyokwisha kujengwa. Ikawapa msimbo chanzo na viraka, yaani marekebisho ya kubandika juu ya msimbo huo, kila mtu akajijengee nyumbani. Kikwazo hicho kilichangia mwaka 1999 kuzaliwa kwa kihariri ambacho leo mnakijua kwa jina la nano, kilichofuata nyayo za Pico, kihariri kilichokuja pamoja na Pine. Hatimaye chuo kikaandika Alpine chini ya leseni huru ya Apache 2.0, toleo la kwanza likatoka Desemba 2007. Mwaka uliofuata chuo kikasitisha uendelezaji. Tangu hapo imebebwa na watu binafsi, na kwa miaka mingi mzigo mkubwa umekuwa mabegani mwa mtu mmoja, Eduardo Chappa.

Tunalisema hili kwa uzito. Programu ambayo Mwalimu anaitegemea kuzungumza na dunia haina kampuni nyuma yake wala idara. Ina watu wachache, na upande wa Debian nako ni watu wachache wanaojitolea. Hatuendi kuwapokonya kazi yao. Tunataka kuwaongezea mikono, na mikono hiyo itoke kwetu, kwa watu wanaomjua anayetumia programu hii kwa masikio.

Kwa mwaka huo mmoja vijana wetu watafanya nini? Kila toleo jipya la Alpine likiingia unstable, watalijaribu kwa kisoma skrini, jambo ambalo mjaribu mwenye macho hulisahau kirahisi. Watakachokiona kimeharibika watakiripoti kwenye mfumo wa kasoro wa Debian pamoja na kiraka pale wanapoweza. Matoleo yakishafika testing watayaandaa kwa ajili ya hifadhi ya backports, ambayo kazi yake hasa ni kupeleka programu mpya kwenye toleo imara, kwa sasa Debian 13 iliyotoka Agosti 2025. Hifadhi hiyo ikiwa na mtu wa kuihudumia, hakuna atakayengoja siku 11 tena. Vijana hawana haki ya kupakia vifurushi moja kwa moja. Kwa utaratibu wa Debian, mgeni hudhaminiwa na mwanachama anayekagua kazi yake na kuitia sahihi, na sisi tunaupenda utaratibu huo, maana ndiyo shule yenyewe. Pia wataandika mwongozo wa Alpine kwa Kiswahili, wa kusomwa na kusikilizwa.

Wapo watakaosema hii ni programu ya mtu mmoja asiyeona. Tungekuwa tunachangia mtu mmoja tusingeona haya hata kidogo. Lakini kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini na intaneti ya nchi nzima ikazorota. Picha hazikufunguka, kurasa zilizunguka tu. Sisi tulioingia kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, kwa SSH, njia salama ya kuiendesha kwa maandishi, na kufungua Alpine kule kule tuliendelea kusoma barua, kwa sababu barua yenyewe haikuhitaji kuja kwetu; zilikuja herufi za skrini tu. Zahanati yenye mtandao wa kusuasua inaweza kufanya kazi hivyo kila siku. Kompyuta iliyochakaa ya shule pia inaweza.

Sasa fedha. Jumla tunahitaji shilingi 5,600,000. Posho ya nauli na chakula ndiyo kubwa kuliko zote: laki moja kwa kila kijana kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Tulijadiliana sana juu ya hili, wengine wakataka wajitolee bure. Tumekataa. Binti huyu amemaliza chuo na nyumbani kwao wanamtazama. Mwenzake ni fundi simu, na kila siku atakayokaa kwenye kifurushi ni siku ambayo meza yake sokoni haimwingizii kitu. Laptopu mbili zilizotumika, zenye kumbukumbu ya kutosha kujenga vifurushi, ni 1,400,000. Intaneti ya mwaka ni 840,000, umeme 360,000, kifaa cha kuhifadhi umeme ukikatika 350,000, na diski ya nje ya nakala 250,000. Kifaa cha kusomea kwa nukta nundu tungekipenda sana, lakini bei yake peke yake ingemeza harambee nzima, kwa hiyo hatukukiweka.

Wanakikundi wenyewe tumeshachanga 1,150,000 kwa miezi saba. Kilichobaki ndicho tulichokileta kwenu.

Harambee itakuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya swala ya Alasiri, katika ukumbi ule ule wa shule tunaokutania. Anayeweza kutoa siku hiyo atoe. Anayeweza kuahidi aandike kwenye daftari la ahadi, tutamfuata kwa adabu. Ndugu mlio nje ya Tanga, tumeni kwa mwanakikundi mnayemfahamu kwa sura na sauti, msitume kwa namba iliyoletwa na mtu msiyemjua. Laptopu yenye skrini iliyopasuka tunaipokea pia. Skrini haitatusumbua kwa kazi ya kujenga vifurushi.

Mhazini wetu atasoma hesabu kila baada ya miezi mitatu mbele ya yeyote atakayekuja, risiti zikiwa mezani, na vijana wataonyesha kasoro walizoripoti na vifurushi vilivyopokelewa, kila kimoja na tarehe yake. Mambo hayo Debian huyaweka hadharani, hivyo hata msipotuuliza mtaweza kuyaona. Kijana akiacha kazi katikati, posho iliyobaki haitaliwa. Italala benki mpaka apatikane mwingine, na kama hatapatikana itarudi kwa waliochanga kwa kadiri walivyotoa.

Siku hiyo Mwalimu atakuwepo na laptopu yake mezani, sauti ikiwa juu. Ameomba kila atakayekuja alete anwani yake ya barua pepe, ili barua ya shukrani aiandike mwenyewe palepale, na mwenye anwani amsikie anavyoiandika.